Uzi: Kila anayesema “nimehakiwa” apite hapa kwanza (kutoka meza ya fundi simu, Mlandege)

FundiMlandege

Assalaam alaykum wana baraza. Mie fundi simu na kompyuta, kibanda changu kipo Mlandege, na mwaka huu ni wa kumi na moja nipo pale. Zamani wateja walikuja na vioo vilivyopasuka na simu zilizotumbukia kwenye ndoo. Siku hizi haipiti wiki bila mtu kuniingilia ameishika simu kwa vidole viwili, kama kifaranga kilichokufa, ananiambia: “Fundi, nimehakiwa,” yaani kadukuliwa.

Nikimuuliza umehakiwa vipi, hajui. Mdukuzi kwake ni kama popobawa, yule jini wa mwaka 1995: haonekani, hana mlango, humwingilia amtakaye, na dawa yake ni kutandika mkeka nje mkalala kundi zima. Wenye umri wangu mnakumbuka, ilianza Pemba ikavuka kuja Unguja. Ila popobawa, kwa walivyokuwa wakisema watu, alitaka umtangaze, usipomtangaza anarudi. Huyu wa simu anataka unyamaze. Na watu wetu wananyamaza kweli, kwa haya tu. Nimeona mtu na mkewe wamelizwa na tapeli mmoja, wiki moja, nyumba moja, na kila mmoja kanijia peke yake akiniomba nisimwambie mwenzake.

Basi nitaandika ninayoyaona mezani. Si yote, na sitayapanga vizuri maana naandika baina ya mteja na mteja.

Nianze na lililonijaza mwaka huu: zile namba sita za WhatsApp.

Bi mkubwa mmoja wa Jang'ombe, mweka hazina wa kikundi chao cha kuweka na kukopa. Shoga yake kamwandikia: “Samahani, kuna namba sita zimekuja kwako kwa makosa, nirushie haraka.” Kweli, kwenye meseji zake za kawaida namba zipo. Akamrushia. Dakika hiyo hiyo WhatsApp yake ikafunga. Jioni kundi zima linaombwa laki mbili mbili na “yeye”, eti kakwama hospitali, asubuhi atarejesha.

Hapa hakuna uchawi. Ukitaka kuweka WhatsApp kwenye simu mpya, inakutaka namba ya simu tu, kisha inatuma tarakimu sita kwa meseji kwenye laini ile ili ijue kama ni yako. Mwizi kaandika namba ya bi mkubwa kwenye simu yake, tarakimu zikaenda kwa mwenyewe, kilichobaki ni kuziomba. Na anayeziomba ni shoga kwa sababu akaunti ya shoga ilichukuliwa jana yake kwa njia hiyo hiyo. Ndiyo maana hupita kundi kwa kundi, kama upele kwenye chuo cha Kurani.

Mazungumzo yako ya zamani hayamfikii, hayo yamo kwenye simu yako. Lakini makundi yote anayakuta, na hilo linamtosha.

Likikufika: weka WhatsApp upya kwa namba yako ile ile, omba tarakimu mpya, ziingize. Yeye anatolewa papo hapo. Ikikudai PIN usiyoijua, ujue ameiweka yeye, na utasubiri siku 7 ndipo uingie. Usivunjike moyo, maana hata katika siku hizo 7 na yeye yuko nje. Huku nyuma wapigie watu kwa sauti yako, si kwa meseji. Ukisharudi, nenda kwenye mipangilio, sehemu ya akaunti, uweke PIN yako ya uthibitisho wa hatua mbili. Ukiwa nayo, mtu akipata zile sita bado anakwama.

Naenda kula, narudi.

YakheWaNgambo

Fundi, mie nililetewa “ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja la fulani.” Nikamuuliza hela ipi yakhe, akanitukania mama yangu. Sasa huyo namba yangu kaipata wapi? Simu yangu imeingiliwa?

FundiMlandege

Haijaingiliwa. Huyo hakujui wewe wala mama yako. Ni mvuvi wa jarife: anatupa wavu usiku, asubuhi anakuja kuangalia kilichonasa. Meseji inakwenda kwa namba mia, elfu, zikifuatana. Mia wanacheka, wawili wanatukana, na mmoja, kwa bahati yake mbaya, saa ile ile alikuwa amesimama kwa wakala anataka kumtumia mwenye nyumba kodi. Huyo hasomi namba. Anasema ah, kabadilisha laini, anatuma. Meseji fupi vile imekusudiwa, maana angetaja jina au kiasi angekosea. Anakuachia wewe ujaze.

Za mganga, za freemason, za “mwanao kaanguka skuli, yupo hospitali, tuma pesa ya dawa”, zote ni jarife. Hiyo ya mwisho ndiyo mbaya kupita zote maana inampiga mzazi asifikiri. Piga skuli. Kama huna namba ya skuli ya mwanao kwenye simu, iweke leo.

Namba ya tapeli irushe kwenda 15040, ni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, ili laini ile ishughulikiwe. Watu wengi wanaifuta meseji na kukaa kimya.

Nyie wa Pemba nadhani mnaona kama ninavyoona: msimu wa karafuu, watu wakishapima na pesa zimeingia, meseji hizi huwa mvua.

DadaWaPaje

Fundi, hebu tufafanulie na la mahotelini. Mie nakaa mapokezi, hoteli moja huku pwani ya mashariki. Mwezi wa saba tumejaa pomoni, ikaja imeili ya mgeni: anakuja na baba yake mzee, baadhi ya vyakula vinamdhuru, cheti cha daktari kipo kwenye linki hii, nikifungue nimpe mpishi. Nikafungua. Halikutoka kitu, nikaendelea na kazi. Siku ya pili wageni wanapiga kutoka Italia, kutoka Ujerumani, wanauliza kwa nini tunawataka walipe tena. Na ujumbe umetoka kwenye akaunti yetu wenyewe, kwenye ule mtandao wa kuwekea vyumba. Bosi akanitazama mie.

FundiMlandege

Pole dada. Hili nitakaa nalo, maana kisiwa chetu kinakula kwa utalii na mahoteli madogo yanapigwa hivi bila kujua ni nini kimewapata.

Hilo si jarife, ni mshipi. Huyu kakaa akachagua chambo: anajua mtu wa mapokezi kazi yake ni kumsikiliza mgeni, na mgeni mwenye mzazi mgonjwa huwezi kumwacha. Wengine hutumia malalamiko, “chumba kilikuwa na kunguni, picha hizi hapa.” Utaacha kufungua?

Ulichokifungua ni programu ndogo ya kuiba. Haivunji kitu, haifungi kitu, ndiyo maana ukaona kimya. Inapita kwenye kivinjari chako inachota maneno ya siri uliyoyahifadhi, na pamoja nayo inachota kuki. Kuki ni alama ambayo tovuti inakukabidhi ukishaingia, ili isikuulize neno la siri kila ukurasa, mfano wa utepe wa mkononi wanaowafunga wageni wa hoteli kubwa: ukishauvaa, mlinzi hakuulizi jina. Mwizi akipata utepe wako anapita getini kama wewe. Hata kama mna uthibitisho wa hatua mbili, hatua hizo ulishazipita wewe asubuhi, yeye anaingia na utepe tu.

Akishakuwa ndani anaona jina la mgeni, tarehe, bei. Anamwandikia kwa njia halali kabisa: kadi yako haikupita, thibitisha ndani ya saa 24 la sivyo chumba kinakwenda kwa mwengine, bonyeza hapa. Na “hapa” ni ukurasa wa bandia. Huo mie nauita dema: samaki anaingia mwenyewe, anaona njia pana, akitaka kutoka haioni. Mgeni kaandika namba za kadi, pesa zimekwenda, wala hazikupitia Zanzibar hata kidogo. Lawama ndiyo inayobaki Zanzibar.

Papasi wa bandarini Malindi, yule anayewaganda watalii, anakera, lakini angalau uso wake unauona na kesho utamkuta pale pale.

Sasa la kufanya, na mpangilio wake ni muhimu. Kwanza toa mashine ile kwenye intaneti. Halafu badilisha maneno ya siri kwa kutumia mashine NYENGINE. Ukiyabadilisha kwenye ile ile, unamwandikia mwizi mapya. Kisha toa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti, kitufe chake kipo kwenye mipangilio, ili ule utepe wa zamani ufe. Halafu waarifuni wenye ule mtandao, na waandikieni wageni wote wenye nafasi. Bosi wako ataona haya kuwaandikia. Mwambie wageni wataandika wao, kwenye maoni, na nyota moja.

Kuna jengine jipya la kizazi hiki: ukurasa unakwambia uthibitishe kuwa wewe si roboti, bonyeza kitufe cha Windows na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Usifanye, khasa usifanye. Ukurasa umeshakutilia amri yake kwenye kumbukumbu ya kunakili, na wewe kwa vidole vyako umeibandika na kuiendesha. Kinga za kompyuta mara nyingine hazisemi kitu, maana aliyeamuru ni mwenye mashine.

MwalimuChake

Shukran fundi. Mimi nipo Chake. Skuli moja niliyowahi kusomesha, asubuhi tulifungua kompyuta ya mitihani tukakuta mafaili yote yamegeuka majina, hayafunguki, na karatasi ya kudai dola. Flashi zinazunguka pale kama kikombe cha kahawa. Tulipoteza alama za muhula mzima. Hiyo ni aina gani?

FundiMlandege

Mwalimu, hiyo ni programu ya kuteka. Inayafunga mafaili kwa ufunguo alionao yeye tu, kisha anakuuzia ufunguo.

Iliyotikisa dunia ni WannaCry, tarehe 12 Mei 2017. Ilipita nchi zipatazo 150, kompyuta zaidi ya laki mbili, hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa nyumbani. Kila mashine ilidaiwa dola 300 kwa Bitcoin, sarafu ya mtandaoni. Haikuhitaji mtu abonyeze chochote: iliingia kwa tundu la Windows, ikaruka kutoka mashine hadi mashine ndani ya mtandao mmoja. Na tundu lile Microsoft walikwishatoa kiraka chake mwezi wa Machi, miezi miwili kabla. Waliopigwa ni wale ambao hawakukiweka.

Hapo na sie mafundi tuna dhambi, nisijitoe. Windows za kunakili tumeziweka kwa elfu kumi kumi, tukazima masasisho ili “isije ikagundua.” Mteja anaondoka mashine inakwenda mbio, anafurahi. Mie nimeziweka nyingi sana kabla sijaacha.

Kinga yake haina ufundi: diski ya nje, kila Ijumaa nakili alama, kisha ICHOMOE uitie kabatini. Ikibaki imechomekwa inatekwa na yenyewe. Na kulipa sikushauri, wapo waliolipa wasipewe kitu.

YakheWaNgambo

Lakini tuseme kweli fundi, wanaopigwa ni watu wasiosoma na wenye tamaa. Mtu mwenye akili zake hapigwi.

FundiMlandege

Yakhe, nikwambie khabari ya benki kuu ya nchi nzima.

Bangladesh, Februari 2016. Mwaka mmoja nyuma watu wa benki walipokea imeili ya kijana anayeomba kazi, mstaarabu kabisa, na wasifu wake kwenye faili. Waliofungua wamefungua. Wezi wakaingia, wakakaa ndani kimya kama mwaka mzima wakitazama kazi inavyofanywa, nani anaidhinisha nini, saa ngapi. Kuna printa moja pale ofisini ilikuwa ikitoa karatasi ya kila muamala usiku na mchana; wakaifunga. Wafanyakazi wakasema ah, printa tu hiyo, imezoea kuharibika.

Wakapiga usiku wa Alkhamisi. Kwa nini Alkhamisi? Kwa sababu Bangladesh Ijumaa na Jumamosi ni mapumziko. Walipostuka Dhaka, New York zilikokuwa pesa ni wikiendi. New York walipofungua, Manila zilikopelekwa ni sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina. Wezi walikuwa na kalenda ukutani. Hata hapa petu nashauri wenye ofisi: imeili ya “lipa haraka leo” inayokuja Ijumaa saa sita, watu wanachukua kanzu kwenda msikitini, isubiri mpaka mrudi.

Waliomba dola milioni 951. Nyingi zilizuiliwa, na milioni 20 zilizokwenda Sri Lanka zilikwama kwa sababu mwizi aliandika jina la taasisi kwa makosa ya tahajia, karani akaona ajabu akauliza. Milioni 81 ziliingia Manila, na sehemu kubwa ikapotelea kwenye makasino.

Sasa hao wa benki kuu hawakusoma? Walichokosa ni mtu wa kuuliza mbona printa imenyamaza.

BintiKonde

Fundi, mie laini yangu ilikata mtandao ghafla, nikadhani ni mnara. Kurudi, pesa zote zimehamishwa.

FundiMlandege

Wametengeneza laini nyengine kwa namba yako. Mtu anakwenda na maelezo yako, jina, kitambulisho, labda na mtu wake wa ndani, anasema laini imepotea. Ya kwako inakufa, ya kwake inafufuka, na kila namba ya uthibitisho inayotumwa inakwenda kwake. Laini ikifa na wenzio wa mtandao huo huo hapo ulipo wanashika vizuri, usisubiri mnara. Azima simu, piga 100 ya mtandao wako wafunge akaunti.

Na nyote, pigeni *106# muangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Tangu usajili wa alama za vidole ulipokamilishwa Januari 2020, kila laini ina mwenyewe. Ukiona namba usiyoijua, mtu anatembea na jina lako. Mara nyingi ilisajiliwa siku ile uliyoambiwa “weka tena kidole, hakijasoma.”

MwalimuChake

Na sheria je? Wengine wanasema sheria ya mtandao ni ya Bara, haituhusu.

FundiMlandege

Inatuhusu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatumika Bara na Zanzibar. Kuingia tu kwenye mfumo wa mtu bila idhini ni faini isiyopungua milioni 3 au mara tatu ya alichofaidika, au kifungo kisichopungua mwaka, au vyote viwili. Hilo liwafikie na vijana wanaokuja kwangu wakitaka niwafungulie WhatsApp za wake zao. Sifungui. Usinitajie pesa.

Polisi wanataka ushahidi. Usifute meseji. Piga picha ya skrini yenye namba na saa, andika namba ya kumbukumbu ya muamala.

Apu za mikopo, zile za kausha damu, sitazisemea leo, zinataka uzi wake. Ila mjue Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya apu 69 zisizo na leseni. Ukiona apu ya mkopo inataka kusoma majina yote ya kwenye simu yako, dhamana inayoitaka ni heshima yako kwa mashemeji.

MtaalamuWaKurejesha

Poleni sana ndugu zangu. Nami nilitapeliwa milioni nne nikakata tamaa mpaka nilipompata mtaalamu mmoja wa mitandao, amenirejeshea pesa yangu yote ndani ya saa 2 tu. Hana longolongo. Namba yake ipo kwenye wasifu wangu, mwambie umetoka hapa. Mungu ambariki.

FundiMlandege

Msimamizi, mtoe huyo. Akaunti imefunguliwa leo, ujumbe wake ni huo mmoja.

Hii ni ndoana ya pili kwa samaki yule yule. Wanazunguka pahala watu wanapolia, kwa sababu aliyekwishapigwa ana uchungu na ana haraka. Atakutaka pesa ya fomu, halafu ya seva, halafu “pesa yako nimeiona ila imezuiliwa, ongeza kidogo.” Pesa ikishatolewa kwa wakala hakuna mtu mwenye kompyuta chumbani anayeweza kuirudisha. Kama muamala bado haujatolewa, wenye uwezo wa kuuzuia ni mtandao wako wa simu, na hawakutoi senti.

YakheWaNgambo

Loh. Hata hapa wapo.

DadaWaPaje

Fundi. Mie nimeshamtumia elfu thelathini ya fomu. Ilikuwa kabla hujaandika. Bosi ananikata mshahara kwa lile la wageni, nikasema labda. Niliona haya kuuliza kwanza.

FundiMlandege

Dakika ngapi?

DadaWaPaje

Kumi. Labda kumi na mbili.

FundiMlandege

Piga 100 sasa hivi kwa laini uliyotumia. Waambie ni utapeli, wazuie, wape kumbukumbu ya muamala. Huenda hajaitoa. Akikuandikia usimjibu na usimfute. Ukimaliza njoo uniambie wamesemaje, nipo hapa, sifungi kibanda.

DadaWaPaje

Inaita.